Filamu iliyofufua sauti ya viola: Historia na ubunifu katika ‘Tous les matins du monde’

KATIKA miaka ya 1670, kijana mmoja Mfaransa alijikunyata chini ya mforosadi bustanini mwa mwalimu wake, akatega sikio. Juu yake, ndani ya kibanda cha mbao kilichojengwa kati ya matawi, mwalimu alikuwa akipiga ala yake akiamini kwamba hapana amsikiaye.

Kijana huyo, Marin Marais, alikuwa mwizi. Hakujia forosadi. Alijia mbinu za vidole na za uta ambazo mwalimu wake, Bwana de Sainte-Colombe, alikuwa amejiwekea mwenyewe.

Kisa hicho kilichapishwa mwaka 1732 na Évrard Titon du Tillet katika ‘Le Parnasse françois’, kitabu chake kuhusu washairi na wanamuziki wa Ufaransa. Miaka 259 baadaye kiligeuka kuwa uti wa mgongo wa filamu ‘Tous les matins du monde’, yaani ‘Asubuhi zote za dunia’, iliyoelekezwa na Alain Corneau na kutolewa mwaka 1991. Pascal Quignard, ambaye riwaya yake yenye jina hilo hilo ilitoka mwaka huo huo, alishirikiana na Corneau kuandika mswada wake.

Filamu za kihistoria huzua swali lile lile kila mara: ni lipi la kweli na lipi la kutungwa? Kuhusu filamu hii, jibu fupi ni kwamba visa vyake vingi ni vya kutungwa, ilhali muziki wake ni wa kweli. Muziki huo nusura upotee kabisa. Ala yake ilitupwa na vizazi vilivyofuata, na mmoja wa mabingwa wake wakuu hakuchapisha hata ukurasa mmoja wa kazi zake.

KISA CHENYEWE

Filamu inaanza kwa uso wa mzee. Huyo ni Marais, aliyeigizwa na Gérard Depardieu, sasa mwanamuziki mwenye jina kubwa katika jumba la mfalme. Wanafunzi wanapiga ala mbele yake, naye haridhiki na anachosikia. Kwa sauti iliyojaa majuto anaanza kusimulia habari za mtu aliyemfunza.

Mtu huyo, aliyeigizwa na Jean-Pierre Marielle, amefiwa na mkewe. Anajitenga na walimwengu, anajijengea kibanda bustanini, na humo hushinda na ala yake tangu asubuhi hadi usiku. Mabinti zake wawili, Madeleine na Toinette, anawalea kwa ukali na kwa maneno machache. Wajumbe wa Mfalme Louis wa 14 wanapokuja kumwita akapige mbele ya mtukufu, anawafukuza.

Marehemu mkewe humjia kama mzuka. Huketi kimya kando ya meza yenye chupa ya mvinyo na sahani ya biskuti nyembamba zilizokunjwa. Mchoraji Lubin Baugin anaichora meza hiyo. Mchoraji huyo aliishi kweli katika karne ya 17, na picha yake ya biskuti na mvinyo imehifadhiwa katika makavazi ya Louvre jijini Paris.

Hapo ndipo anapobisha hodi kijana Marais, ambaye ujana wake uliigizwa na Guillaume Depardieu, mwanawe Gérard. Ni mwana wa fundi wa viatu. Alikuwa akiimba katika kwaya ya kanisa hadi sauti yake ilipovunjika kwa kubaleghe, akaondolewa. Mzee anamkubali kwa shingo upande, akivutiwa na uchungu wa kijana huyo kuliko ustadi wake.

Uhusiano huo haudumu. Mzee anapogundua kwamba mwanafunzi wake amekwenda kupiga mbele ya mfalme, anaivunja ala yake vipande vipande. Madeleine, aliyeigizwa na Anne Brochet, anampenda Marais na kumpa siri zote za babake. Marais anazipokea, anapanda ngazi ya umaarufu, kisha anamtelekeza. Msichana huyo anaugua, na mwishowe anajitoa uhai.

Miaka inapita. Usiku mmoja Marais anarudi kwenye kibanda kile kuomba somo moja tu. Mzee anamuuliza muziki ni wa nini. Marais anajaribu jibu hili na lile, nayo yanakataliwa moja baada ya jingine, mpaka wote wawili wanapofika mahali ambapo maneno hayafiki. Hapo wanashika ala zao na kupiga pamoja, machozi yakiwatiririka.

ALA YA MIGUUNI

Ala inayozungumziwa ni viola da gamba, jina la Kiitaliano lenye maana ya viola ya mguu. Isichanganywe na viola ya okestra za leo, ambayo huwekwa begani mithili ya fidla. Hii husimamishwa wima baina ya miguu ya mpigaji aliyeketi, bila mkuki wa chini kama ule wa selo.

Tofauti yake na selo haiishii hapo. Selo ina nyuzi nne. Viola ya kawaida ilikuwa na sita, na ile ya Kifaransa saba. Nyuzi hizo zilisokotwa kwa utumbo wa kondoo. Shingoni mwake hufungwa vikomo, pia vya utumbo, vinavyoonyesha mahali pa kubana kila nota, kama ilivyo katika gitaa.

Uta nao hushikwa kwa namna ya pekee. Kiganja huelekea juu, na vidole hugusa manyoya yenyewe ya uta, vikiyakaza au kuyalegeza wakati sauti ingali inatoka. Kwa sababu ya mshiko huo, pigo zito la viola ni lile la kuusukuma uta. Mpiga fidla hupata uzito wake kwa kuuvuta.

Matokeo yake ni sauti laini, yenye mtetemo mrefu, iliyo karibu mno na sauti ya binadamu. Marais mwenyewe alitunga kipande alichokiita ‘Les Voix humaines’, yaani ‘Sauti za binadamu’. Isitoshe, nchini Ufaransa wakati huo ala zilikazwa kwa kiwango cha chini. Nota ya la, ambayo leo hukazwa kwa hezi 440, aghalabu ilikuwa karibu na hezi 392. Ndiyo maana muziki huo, ukipigwa kama ulivyokuwa, huonekana kuwa na kiza fulani ndani yake.

Wapenzi wa taarab hawatakosa kuutambua ukoo huu. Tiorba, ala ya shingo ndefu inayoisindikiza viola katika filamu hii, ni ndugu wa liuti ya Ulaya. Liuti ilizaliwa na udi wa Waarabu, hata jina lake likatokana na neno hilo hilo la Kiarabu. Ala za kupigwa kwa uta pia ziliingia Ulaya kutoka nchi za Waislamu na za Bizanti, yapata miaka 1,000 iliyopita.

Na neno baroko, linalotumiwa kwa muziki wa Ulaya wa takriban mwaka 1600 hadi 1750, linaaminika kutokana na neno la Kireno la lulu isiyo duara kamili. Lilianza kama kejeli ya watu walioona kwamba sanaa hiyo ilikuwa na mapambo kupita kiasi.

HISTORIA YASEMAJE?

Marin Marais alizaliwa jijini Paris mnamo Mei 31, 1656. Ni kweli kwamba babake alikuwa fundi wa viatu, na ni kweli kwamba aliimba katika kwaya ya kanisa la Saint-Germain-l’Auxerrois.

Kwa mujibu wa Titon du Tillet, alifunzwa na Sainte-Colombe kwa miezi sita tu. Mwalimu alipoona kwamba mwanafunzi alikuwa akikaribia kumpita, alimwambia kwamba hana tena la kumfunza. Hapo ndipo Marais alipoanza kunyemelea chini ya mforosadi. Hila hiyo haikudumu, kwani mwalimu aliigundua, akajihadhari asisikike tena.

Hata hivyo, mwandishi huyo anaongeza jambo ambalo filamu haikulitumia. Sainte-Colombe hakuwa na kinyongo. Alipoulizwa hadharani maoni yake kuhusu kijana huyo, alijibu kwamba wapo wanafunzi wanaoweza kuwapita walimu wao, ila Marais hatampata kamwe wa kumpita yeye.

Mwaka 1679 Marais aliteuliwa kuwa mpiga viola wa chumba cha mfalme. Alifanya kazi chini ya Jean-Baptiste Lully, Mwitalia aliyetawala muziki wote wa jumba hilo. Kati ya mwaka 1686 na 1725 alichapisha vitabu vitano vya vipande vya viola, kando na opera, iliyovuma zaidi ikiwa ‘Alcyone’ ya mwaka 1706. Vipande vyake vya viola vilivyobaki ni takriban 600.

Kumhusu Sainte-Colombe tunajua machache. Hata jina lake la kwanza limekuwa mjadala wa wataalamu. Jean Rousseau, mpiga viola aliyekuwa mwanafunzi wake, aliandika mwaka 1687 kwamba ndiye aliyeongeza uzi wa saba na kuanzisha nchini Ufaransa nyuzi zilizozungushiwa waya wa fedha. Uvumbuzi huo uliipa viola sauti nzito za chini ambazo haikuwa nazo hapo awali.

PALIPOTUNGWA

Titon du Tillet anatueleza pia kwamba Sainte-Colombe alifanya tamasha nyumbani kwake, mabinti zake wawili wakipiga pamoja naye, mmoja viola ndogo na mwingine viola kubwa. Filamu inaonyesha watatu hao wakipiga pamoja, lakini yule mkiwa mwenye hasira na walimwengu ametoka kwenye kalamu ya Quignard. Ujane wake, mapenzi ya Madeleine na Marais, na kifo cha msichana huyo vyote ni vya kubuni. Marais halisi alimwoa Catherine d’Amicourt mwaka 1676, akajaaliwa watoto 19.

Nyakati nazo zimekunjwa pamoja. Kipande ‘La Rêveuse’, yaani ‘Mwenye ndoto’, ambacho filamu inakifungamanisha na Madeleine na mapenzi ya ujanani, kilichapishwa katika kitabu cha nne cha Marais mwaka 1717. Mtunzi alikuwa na umri wa miaka 61. ‘Sonnerie de Sainte-Geneviève du Mont’, kinachoiga kengele tatu za kanisa moja la Paris, ni cha mwaka 1723.

Mtazamaji mkali anaweza kuliita hilo kosa. Lakini ikumbukwe kwamba msimulizi wa filamu ni mzee anayekumbuka, na kumbukumbu ya mzee haifuati kalenda. Huusikia ujana wake kwa sauti za uzeeni.

MUZIKI ULIVYOTUMIKA

Katika filamu nyingi muziki huongezwa baada ya picha kukamilika, ili kumwambia mtazamaji ahuzunike wapi na aogope wapi. Hapa muziki ndio unaosimuliwa. Tunauona ukitoka mikononi mwa watu, ukifunzwa, ukikosolewa, ukiibwa.

Kuna pande mbili zinazoshindana. Upande mmoja ni wa Lully, na maandamano yake ya Waturuki yaliyotungwa mwaka 1670 kwa tamthilia ya Molière, ‘Le Bourgeois gentilhomme’. Ngoma zinadunda, okestra inanguruma. Huo ni muziki wa mamlaka, uliokusudiwa kumtukuza mfalme mbele ya umati.

Upande wa pili ni viola mbili peke yake chumbani. Kilele chake ni ‘Tombeau les Regrets’ cha Sainte-Colombe, hususan sehemu iitwayo ‘Les Pleurs’, yaani ‘Machozi’. Neno ‘tombeau’ ni kaburi, na katika muziki wa Kifaransa wa karne ya 17 lilikuwa jina la utungo wa kumlilia marehemu. Waswahili tungeuita mbolezi. Marais naye alimtungia mwalimu wake utungo wa aina hiyo na kuuchapisha mwaka 1701, Sainte-Colombe akiwa tayari ameaga dunia. Mwanafunzi aliyekatazwa siri ndiye aliyemjengea mwalimu kaburi lisiloharibika.

Baina ya pande hizo mbili umewekwa wimbo mwepesi wa kale, ‘Une jeune fillette’, unaohusu msichana aliyelazimishwa kuwa mtawa. Pia tunasikia somo la tatu katika ‘Leçons de ténèbres’ za François Couperin, muziki wa ibada ya Juma Kuu uliochapishwa karibu mwaka 1714. Waimbaji wake ni Montserrat Figueras na María Cristina Kiehr, na sauti zao mbili zikikutana juu, hata asiyejua neno la Kilatini hutulia.

KIMYA NA UFUFUO

Baada ya Marais kufariki mnamo Agosti 15, 1728, viola ilianza kudidimia. Muziki ulikuwa ukitoka vyumbani mwa watu wenye vyeo kwenda katika kumbi kubwa za kulipia. Huko zilihitajika ala zenye sauti ya kufika mbali, na viola haikuweza kushindana na fidla na selo. Mwaka 1740 Hubert Le Blanc aliandika kitabu kizima kuitetea, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Bingwa wake wa mwisho mashuhuri, Mjerumani Carl Friedrich Abel, alifariki jijini London mwaka 1787. Viola nyingi zilikatwa na kugeuzwa selo. Nyingine zilitundikwa ukutani kama mapambo.

Ufufuo ulianza pole pole mwishoni mwa karne ya 19, kwa juhudi za watu kama Arnold Dolmetsch aliyefanya kazi Uingereza. Katika karne ya 20, August Wenzinger aliifunza viola katika chuo cha muziki wa kale mjini Basel, Uswisi. Miongoni mwa waliofika kwake alikuwa kijana kutoka Catalonia nchini Uhispania, Jordi Savall, aliyezaliwa mwaka 1941 na aliyekuwa amesomea selo.

Savall alikabiliwa na tatizo gumu. Nota zilikuwapo maktabani, ila hapakuwa na aliyewahi kuzisikia zikipigwa na mrithi wa Marais. Mnyororo wa mwalimu na mwanafunzi ulikuwa umekatika. Kilichomwokoa ni tabia ya Marais mwenyewe. Katika vitabu vyake, mtunzi huyo alieleza maana ya kila alama: kidole kipi kitumike, wapi uta usukumwe na wapi uvutwe, wapi sauti itikisike, wapi ivimbe. Aliandika kana kwamba alijua kuna siku atasomwa na watu wasio na mwalimu.

Sainte-Colombe hakuacha maelezo ya namna hiyo. Kazi yake kuu, tungo 67 za viola mbili zilizo sawa, ilibaki katika mswada wa mkono na haikuchapishwa hadi mwaka 1973. Lau mswada huo ungeungua au kuliwa na mchwa, leo hii tungezikosa tungo hizo.

TAATHIRA YA FILAMU

Corneau alimkabidhi Savall muziki wote. Waigizaji walifunzwa namna ya kukaa, kushika ala na kupitisha uta. Sauti tunayoisikia ni ya Savall na wenzake, miongoni mwao Christophe Coin kwa viola, Rolf Lislevand kwa tiorba na Pierre Hantaï kwa hapsikodi.

Hakuna aliyetarajia kwamba filamu yenye mwendo wa taratibu, kimya kingi na ala iliyosahaulika ingejaza kumbi. Lakini zaidi ya watu milioni mbili waliitazama nchini Ufaransa. Ilipata Tuzo ya Louis Delluc mwaka 1991, na mwaka 1992 ikanyakua tuzo saba za César, zikiwamo za filamu bora, mwelekezi bora na muziki bora. Rekodi ya muziki wake iliuzwa kwa wingi ambao si kawaida kwa muziki wa kale.

Filamu nyingine zilifuata njia hiyo. ‘Farinelli’ ya Gérard Corbiau, iliyotolewa mwaka 1994, ilimhusu mwimbaji Mwitalia aliyehasiwa utotoni ili sauti yake isivunjike. Kwa kuwa sauti ya aina hiyo haipo tena, mafundi waliunganisha kwa kompyuta sauti ya mwanamume na ya mwanamke. Corbiau huyo huyo alitoa ‘Le Roi danse’ mwaka 2000, kuhusu Lully na mfalme wake. Zote mbili zina fahari kubwa machoni. Hakuna iliyothubutu, kama ya Corneau, kumwacha mtazamaji na nyuzi chache na uso wa mtu.

WALIMU WAWILI

Mwishoni mwa filamu, mzuka wa Sainte-Colombe unamtokea Marais mzee na kumwomba apige ‘La Rêveuse’, kipande alichokipenda bintiye. Ni tukio la kubuni, lakini limebeba ukweli mmoja: mwalimu huishi tena pale tu mwanafunzi anaposhika ala.

Historia ina mwisho wake pia, ambao filamu haikuuonyesha. Titon du Tillet anasimulia kwamba, miaka mitatu au minne kabla ya kufariki, Marais alijiondoa katika shughuli za jumba la mfalme, akahamia nyumba yenye bustani pembeni mwa Paris, akawa anapanda maua. Lakini mara mbili au tatu kwa juma alikuwa akienda mjini, katika ukumbi aliokuwa ameukodi kwa kazi moja tu.

Humo aliwafunza viola wote waliotaka kujiendeleza. Hawakuhitaji kujificha chini ya mti.